Moto unawaka, kipimajoto hakipandi: joto linakwenda wapi?

Swali: Niliweka kipimajoto kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Kilifika nyuzi 100 kikasimama hapo hapo, hata nilipoongeza moto. Joto lote lile linakwenda wapi? Pia tulifanya jaribio la kupima joto fiche la barafu. Tulitumia maji gramu 200 yenye nyuzi 30 kwenye kikombe chepesi cha plastiki, tukatia barafu gramu 40, na halijoto ya mwisho ikawa nyuzi 13. Chumba kilikuwa na nyuzi 25 hivi. Nilipokokotoa nilipata jouli 301 kwa gramu, ilhali kitabu kinasema 334. Nimekosea wapi?

Jibu: Hesabu yako haina kosa. Kosa limo kwenye barafu yenyewe, na kidogo kwenye chumba. Lakini nianze na sufuria, maana ukishaelewa kinachotokea pale, la barafu utaliona mwenyewe kabla sijakuonyesha.

Halijoto na joto ni vitu viwili, na mkanganyiko wote unaanzia hapo. Kipimajoto hakihesabu joto lililoingia kwenye maji. Kinachosoma ni kasi ya molekuli, yaani jinsi zinavyokwenda mbio na kugongana, basi. Sasa joto likiingia kwenye maji linaweza kufanya kazi ya aina mbili: kuzidisha mwendo wa molekuli, au kuzivuta zitengane. Kuanzia maji baridi hadi nyuzi 100, sehemu yake inaonekana kwenye kipimajoto, nacho kinapanda. Maji yakishatokota, joto lote linalobaki kwenye sufuria linatumika kutenganisha. Molekuli za mvuke wa nyuzi 100 hazikimbii kwa wastani kuliko molekuli za maji ya nyuzi 100 yaliyo chini yake, ndiyo maana kipimajoto kikiwekwa majini au kwenye mvuke ulio juu yake kinasoma namba ile ile. Tofauti ni nafasi. Kilo moja ya maji inajaa lita moja na kidogo, na kilo hiyo hiyo ikigeuka mvuke inajaa lita 1,670 hivi. Maana yake kila molekuli imesogezwa mbali na jirani yake kwa wastani wa mara 12 ya umbali wa awali, na molekuli za maji hazikubali kuachana bure, kwa sababu zinavutana kwa nguvu.

Gharama ya kuziachanisha ndiyo joto fiche. Linaitwa fiche kwa sababu kipimajoto hakilioni, wala halijapotea. Kwa maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 ni kilojouli 2,257 kwa kila kilo. Ili uone ukubwa wake, chukua birika la umeme la wati 2,000 lenye kilo moja ya maji ya nyuzi 20, na tuchukulie hakuna joto linalotoroka. Kuyafikisha nyuzi 100 kunahitaji kilojouli 334, yaani dakika 2 na sekunde 47. Kuyamaliza yote yawe mvuke kunahitaji dakika nyingine 18 na sekunde 48, na muda wote huo kipimajoto kimelala pale pale. (Usichanganyikiwe na hiyo 334. Imetokea tu kwamba kupasha kilo ya maji kwa nyuzi 80 na kuyeyusha kilo ya barafu vinagharimu karibu sawa. Wanafunzi wengi huiona namba hiyo mara mbili wakadhani ni kitu kimoja.)

Kwa hiyo ulipoongeza moto, ulichoongeza ni kasi ya maji kwisha. Moto ukizidi mara mbili, mvuke unatoka mara mbili, halijoto haisogei. Kilichomo ndani ya maji yanayotokota kwa fujo hakiivi haraka kuliko kilichomo kwenye maji yanayotokota taratibu. Kinachoisha haraka ni maji na kuni.

Hapa kuna jambo dogo la vitendo. Kipimajoto chako kikisoma 97 badala ya 100, usikitupe. Kiwango cha kuchemka kinafuata mgandamizo wa hewa, na kinashuka kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda juu ya usawa wa bahari. Kikisoma 102 au 103, kwanza kiinue. Huenda ncha yake inagusa kitako cha sufuria, na kitako kina joto kuliko maji. Ndani ya sufuria ya presha, ambamo mgandamizo unakaribia mara mbili ya ule wa nje, maji huchemka karibu na nyuzi 120, na joto fiche linapungua kidogo hadi kilojouli 2,202. Endelea kupandisha mgandamizo na halijoto, nalo linaendelea kushuka, mpaka kwenye nyuzi 374 linakuwa sifuri. Hapo tofauti kati ya maji na mvuke imekwisha, hakuna tena cha kutenganisha.

Katika zile kilojouli 2,257, si zote zinazokwenda kuachanisha molekuli. Kama 169 hivi hutumika kuisukuma hewa ya nje ili mvuke upate pa kukaa. Ni sehemu ndogo, chini ya asilimia 8, lakini ni vizuri kujua ipo, kwa sababu maswali ya mitihani ya juu hupenda kuiuliza.

Sasa kuyeyuka. Kwa nini barafu inadai kilojouli 334 tu kwa kilo, karibu sehemu moja ya saba ya kuchemka? Kwa sababu kuyeyuka hakuzitawanyi molekuli, kunazilegeza tu. Ndani ya barafu kila molekuli imeshikwa na majirani wanne kwa mpangilio mmoja usiobadilika, na ikiyeyuka, mshiko unakatika hapa na kushika pale, lakini molekuli bado zinagusana. Tena kwa maji zinasogeleana zaidi: kilo ya barafu ina ujazo wa lita 1.09, na ikiyeyuka inarudi lita moja. Ni kama watu waliosimama kwenye mistari wakaambiwa tembeeni ovyo ndani ya uwanja huo huo. Kuchemka ni kuwatoa wote uwanjani na kumweka kila mmoja peke yake.

Na jambo moja ambalo linakosewa mno: wala kuyeyuka wala kuchemka hakuvunji molekuli ya maji yenyewe. Haidrojeni na oksijeni zinabaki zimeshikana. Kuzitenga hizo kungehitaji takriban kilojouli 15,900 kwa kilo, mara saba ya kugeuza maji kuwa mvuke. Ukisoma mahali kwamba vibofu ndani ya maji yanayochemka ni oksijeni na haidrojeni, achana napo. Ni mvuke wa maji. Vile vibofu vidogo vinavyoonekana mapema, maji yakiwa vuguvugu, hasa ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji.

Kila maada ina namba zake, na usidhani kinachoyeyuka kwa halijoto kubwa ndicho chenye joto fiche kubwa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 na inadai kilojouli 23 tu kwa kilo. Alumini, nyuzi 660, inadai kama 397. Chuma kinangoja hadi nyuzi 1,538, lakini kikifika huko kinadai 247 hivi, pungufu ya barafu! Siri ni kwamba tunahesabu kwa kilo. Atomu ya chuma ni nzito, kwa hiyo kilo moja ina atomu chache za kulegeza. Kuna pia vitu visivyo na kituo kabisa. Kioo na plastiki nyingi hulainika polepole katika nyuzi kadhaa badala ya kuyeyuka kwenye namba moja, na ukivichorea grafu ya halijoto na muda hutapata ule mstari wa bapa unaoupata kwa barafu safi. Barafu yenye chumvi nayo haitulii kwenye sifuri, inaanza kuyeyuka chini yake.

Maji hayangoji nyuzi 100 ili yageuke mvuke. Yanavukiza muda wote kutoka juu, na kwa halijoto ya mwili kila gramu inayoondoka inabeba kilojouli 2.4 hivi, zaidi hata ya inayoondoka kwenye sufuria. Ndiyo kazi ya jasho. Jasho linalodondoka chini halijakupoza karibu chochote, linalokauka juu ya ngozi ndilo lililofanya kazi. Siku ya unyevu mwingi hewani unalowa na bado unahisi joto, kwa sababu halikauki.

Na joto fiche hurudishwa lote, bila kubakizwa, pale hali inapogeuka upande wa pili. Mvuke ukirudi kuwa maji hutoa zile 2,257. Maji yakiganda hutoa 334. Hapa ndipo hatari ya mvuke ilipo. Tuseme gramu 10 za maji ya nyuzi 100 zimemwagikia mkono na kupoa hadi nyuzi 37: zimetoa kilojouli 2.6. Gramu 10 za mvuke wa nyuzi 100 kwanza zinageuka maji juu ya ngozi, zinatoa kilojouli 22.6, halafu ndipo zinapoa na kutoa zile 2.6. Jumla 25.2, karibu mara kumi, na kipimajoto kingekuambia vyote viwili vina nyuzi 100. Tazama mdomo wa birika linalochemka: kuna sentimita moja au mbili ambapo huoni kitu, kisha ndipo linaanza wingu jeupe. Wingu lile si mvuke tena, ni matone madogo ambayo tayari yametoa joto lao fiche hewani. Pale pasipoonekana kitu ndipo pa kuogopa.

Turudi kwenye barafu yako. Aliyepima jambo hili kwa mara ya kwanza kwa uangalifu ni mwanasayansi Joseph Black, huko Glasgow, mwanzoni mwa miaka ya 1760. Aliweka vyombo viwili vinavyofanana ndani ya chumba kimoja, kimoja kina maji yaliyokaribia kuganda, kingine kina barafu ya uzito ule ule. Maji yalipanda nyuzi 7 za Fahrenheit kwa nusu saa. Barafu ilichukua saa kumi na nusu kufika halijoto hiyo hiyo, yaani nusu saa 21. Zidisha 7 kwa 21 upate 147, toa nyuzi 8 ambazo ni za kupasha maji yaliyokwisha kuyeyuka, inabaki 139, yaani joto lililoyeyusha barafu lingeweza kupandisha maji ya uzito ule ule kwa nyuzi 139. Ni sawa na nyuzi 77 za Selsiasi, na leo tunasema 80. Kwa saa na kipimajoto tu, si haba.

Wewe ulitumia njia ya kuchanganya, ambayo ni ya haraka lakini ina mitego yake. Maji yako yalishuka nyuzi 17, kwa hiyo yalitoa 200 × 4.18 × 17 = jouli 14,212. Kati ya hizo, jouli 2,174 zilikwenda kupasha maji ya barafu kutoka 0 hadi 13. Zikabaki 12,038 za kuyeyusha. Ukigawa kwa 40 unapata 301. Sawa kabisa. Lakini je, zilikuwa gramu 40 za barafu kweli?

Barafu iliyokaa mezani ina utando wa maji juu yake, na mizani haijui kutofautisha. Maji hayo yameshayeyuka kwa joto la chumba, hayakuchukua joto la kuyeyuka kwenye kikombe chako, lakini wewe umeyahesabu kama barafu. Chukulia tu kwamba gramu 4 kati ya 40 zilikuwa maji: gawa 12,038 kwa 36, unapata 334. Kosa zima limejieleza.

Sidhani lote lilitoka huko, hata hivyo. Ulianza nyuzi 5 juu ya chumba ukaishia nyuzi 12 chini yake, kwa hiyo kwa muda mwingi wa jaribio chumba kilikuwa kinakipasha kikombe. Wati 2 tu kwa dakika 4 ni jouli 480, nazo zinashusha jibu kwa 12. Ukiziongeza, barafu halisi inatoka gramu 37.5, maji 2.5, nusu kijiko cha chai. Hilo ndilo ninaloliamini: maji nusu kijiko na joto kidogo la chumba. Angalia pia kwamba makosa yote mawili yanaelekea upande mmoja, hayafutani. La tatu la upande huo huo ni kusahau chombo. Kikombe chako chepesi kimekuokoa, lakini ungetumia bilauri ya kioo ya gramu 150, nayo ingetoa zaidi ya jouli 2,000 ikipoa kwa nyuzi 17, na usipoihesabu jibu linashuka kwa zaidi ya 50.

Kuna kosa la upande wa pili, na wengi hulifanya wakikimbia lile la kwanza. Wanatoa barafu kwenye friza moja kwa moja hadi kikombeni ili isilowe. Friza ikiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri, kila gramu inadai kwanza jouli 38 hivi ili ifike sifuri, na jibu linapanda hadi 370 na ushei. Barafu inayofaa ni ile ambayo imeanza kung'aa na kutoa jasho. Hiyo ndiyo iliyofika sifuri, angalau kwa juu, na vipande vidogo hufika mapema hadi ndani. Iache ifike hapo, kisha kausha kila kipande kwa kitambaa kikavu sekunde chache kabla ya kukitia, na usikishike kwa vidole.

Ukirudia, fanya hivi. Weka kikombe kimoja cha plastiki ndani ya kingine ili hewa ya katikati izuie joto. Kipime kikiwa kitupu, mimina maji gramu 200, upime tena. Maji yawe na nyuzi 40, si 30, na barafu iwe kama gramu 60. Hesabu inasema utaishia karibu na nyuzi 12.3, yaani nyuzi 15 juu ya chumba mwanzoni na kama 13 chini yake mwishoni, hivyo joto linalotoroka mwanzo na linaloingia mwisho yanakaribia kulingana. Soma halijoto ya maji muda mfupi kabisa kabla ya kutia barafu, si dakika mbili nyuma. Tia vipande kimoja kimoja bila kurusha maji, na koroga polepole mfululizo. Tone lililoruka nje ni uzito uliopotea. Barafu ya mwisho ikitoweka, endelea kutazama kipimajoto na uandike namba ya chini kabisa kabla hakijaanza kupanda. Ukisoma mapema, barafu ikiwa bado inaelea, halijoto inakuwa juu kuliko inavyopaswa na jibu linashuka tena.

Uzito wa barafu usiupime kwa kuweka vipande kwenye mizani. Pima kikombe chote mwishoni, toa uzito wa kabla. Ukitumia njia hii vipande havipati muda wa kuyeyuka juu ya mizani, na ulichohesabu ni kile kilichoingia kweli.

Mizani ya kusoma gramu moja inatosha kabisa. Mahali pa kuwa mkali ni kipimajoto: kwa vipimo vyako vya awali, kosa la nusu nyuzi kwenye halijoto ya mwisho lilibadilisha jibu kwa jouli 12.5 kwa gramu, na kwa gramu 60 za barafu litabadilisha 9 hivi. Kikague kabla hujaanza kwa kukitumbukiza kwenye barafu iliyopondwa iliyochanganyika na maji safi kidogo. Kikisoma 0.5 badala ya 0, toa 0.5 kwenye kila namba utakayoandika. Rudia jaribio mara tatu. Ukipata kati ya 320 na 345, andika ulichopata hivyo hivyo, pamoja na makosa unayoyashuku, wala usirekebishe namba ili ifanane na ya kitabu.